Prosesa ya mchezo wa kurusha ndege: tazama kashe kabla ya viini

Ndugu, unauliza kama utoe prosesa yako ya Ryzen 5 3600 uweke 5900X yenye viini 12 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), kwa kuwa mchezo wa kurusha ndege wa Microsoft Flight Simulator unakwamakwama ukikaribia viwanja vikubwa. Viini 12 ni vizuri kwa kuhariri video. Kwenye mchezo huu wa ndege, kazi nzito inaangukia uzi mmoja mkuu (mfululizo mmoja wa kazi unaoendeshwa na kiini kimoja), na viini vingine vinabaki vikisubiri.

Kwanza washa hali ya msanidi (Developer Mode) ndani ya mchezo, kisha onyesho la fremu (FPS), linaloonyesha kinachopunguza kasi. Tua uwanja wenye msongamano. Ukisoma MainThread, tatizo ni prosesa. Ukisoma GPU, tafadhali usitumie hela yako hapa, shida iko kwenye kadi ya michoro.

Ikiwa ni prosesa, tafuta 5800X3D. Ina viini 8 tu, lakini kashe ya L3, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, ni MB 96, dhidi ya 64 za 5900X ambazo nazo zimegawanywa mafungu mawili. Inakaa kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye ubao mama) ileile ya AM4, RAM yako ya DDR4 inabaki. Ukienda prosesa mpya zaidi ya 7800X3D utabadilisha ubao mama na RAM pia.

Sasisha BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, kabla hujang'oa prosesa ya zamani. Na weka feni nzuri, 5800X3D inapata joto kweli.