Ukienda Dalseong, anza na ukuta

Mara ya kwanza kwenda bustani ya wanyama ya Dalseong, jijini Daegu, Korea Kusini, nilikosea mara mbili: nilikwenda Agosti, tena saa saba mchana. Daegu imezungukwa na milima, na joto la kiangazi hutuama humo kama mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mnyama gani atajitokeza saa hizo? Simbamarara alilala akatupa mgongo, na mwanangu akalia mpaka tukatoka.

Siku hizi nikipata mgeni, namwamsha alfajiri. Nje ya lango la bustani huwa kuna soko la asubuhi, wauzaji wamepanga mboga na samaki kando ya barabara. Ukichelewa utakuta wameshafungasha. Pita hapo kwanza, ununue cha kutafuna, kisha ingia. Hakuna kiingilio.

Ukishaingia, usikimbilie vizimba. Panda juu. Kile unachodhani ni kilima chenye miti ni ukuta wa boma la udongo, na kumbukumbu za kale za Korea zinasema lilijengwa mwaka 261, enzi za ufalme wa Silla. Kulizunguka ni kama kilomita 1.3, hata mtoto anamaliza. Utapishana na wazee wa mtaa wakinyoosha viungo. Inamisha kichwa kidogo, nao watakujibu. Ukisema unatoka Kenya, huenda mazungumzo yakafika kwenye marathoni, maana mashindano ya dunia ya riadha yalifanyika Daegu mwaka 2011 na dhahabu zote mbili za marathoni tukazibeba sisi. Bibi mmoja alimjaza mwanangu machenza mifukoni kwa habari hiyo tu.

Wajapani walipoitawala Korea waliweka hekalu la dini yao ya Kishinto humu humu ndani ya boma. Liliondolewa mwaka 1966, na wanyama wakaja mwaka 1970. Umri huo unauona kwenye vizimba: vidogo, saruji na vyuma. Mimi niliyezoea tembo wa Tsavo, wekundu kwa vumbi, nilisimama mbele ya tembo wa Dalseong nikakosa la kumwambia mtoto. Kwa hiyo sehemu hiyo mimi huipa nusu saa, basi.

Ukitokea stesheni ya Dongdaegu, chukua treni ya laini ya 1, ubadilishe Myeongdeok uingie laini ya 3, ile inayopita juu ya barabara. Mtoto akae dirishani.