Mzee wenu hakukondeshwa na uzee, mmemnyima chakula

Wiki iliyopita ulikuja ujumbe kutoka Arua, Uganda, wa dada anayemtunza baba yake wa miaka 76. Baba ana presha na sukari. Familia ilikaa kikao ikapiga marufuku nyama, mayai, maziwa, karanga, mafuta, chumvi na matunda yote. Sasa mzee anakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha asubuhi, na jioni anapewa posho, yaani ugali wa mahindi, na majani yaliyochemshwa hivihivi. Suruali zinampwaya, akienda msalani anashika ukuta, na dada anauliza ni unga gani wa mkebe amnunulie ili apate nguvu.

Dada, pesa ya mkebe iweke kando kwanza. Soma tena orodha yenu ya marufuku: zaidi ya nusu ya vilivyofukuzwa vina protini, na vilivyobaki, muhogo na posho, ndivyo hasa vinavyopandisha sukari. Mmefukuza mlinzi mkamwachia mwizi funguo. Ujumbe wa namna hii unatoka Masaka, Jinja, Kasese, Bombo, kila upande, na wote una kosa lilelile: mtu akishazeeka na kupewa kadi ya kliniki, kila ndugu anayepita nyumbani anaongeza kitu kimoja cha kukatazwa, na hakuna anayeongeza cha kula.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtu mzima wa makamo hutosheka na kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mzee anahitaji zaidi, gramu 1 hadi 1.2, kwa sababu misuli yake haiitikii chakula kama ya kijana. Mzee wa kilo 60 basi atafute gramu 60 hadi 72 kwa siku, na afadhali zigawanywe katika milo mitatu. Ukimlundikia zote usiku, asubuhi na mchana misuli inabaki bila kitu. Sasa tazama sahani: nusu kilo ya matoke haifikishi hata gramu 10, na muhogo ni hivyohivyo. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, kiganja cha karanga kina 7, na kipande cha samaki cha gramu 80 kina kama 18. Tumbo la mzee ni dogo na hamu yake ndogo. Akishashiba muhogo, hapana nafasi tena, kwa hiyo kitu chenye protini kitangulie mdomoni, muhogo ufuate.

Mayai hayapandishi presha wala sukari. Yai moja kwa siku halina tatizo kwa wazee walio wengi. Maziwa yasiyotiwa sukari yanafaa, maharage yanafaa, samaki anafaa sana. Kinachohitaji kuangaliwa ni figo, maana presha na sukari za miaka mingi huziharibu. Kabla ya kuongeza protini, omba kliniki wampime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Ikiwa daktari ameshasema figo zimechoka, kiasi cha protini atakipanga yeye, si mimi wala si shangazi.

Kwa mfuko wa kawaida wa Uganda, protini rahisi kupatikana na ya kumfaa mzee asiye na meno ni mukene, wale dagaa wadogo waliokaushwa, wakisagwa unga. Huko Arua utapata pia muziri, dagaa wa Ziwa Albert, unatengenezwa vilevile. Faida yake ni kwamba unaliwa na mifupa, kwa hiyo kalsiamu inaingia pamoja na protini, na una vitamini B12. Wazee wanaotumia metformini, dawa ya sukari, kwa miaka mingi wanaweza kuishiwa B12, halafu miguu inawaka moto na ganzi na kila mtu anasema ni sukari. Wakati mwingine ni sukari kweli, wakati mwingine ni B12, na hospitali wanaweza kupima.

Wengi wanaukataa mukene kwa sababu waliupika vibaya: mchanga kinywani, uchungu, harufu. Mchanga unatokana na kuanikwa chini ufukweni, kwa hiyo nunua ule ulioanikwa juu ya nyavu au vichanja, unaong'aa rangi ya fedha. Uliogeuka njano au kahawia mafuta yake yameshaharibika, na hakuna kiungo kitakachoficha hilo. Nyumbani vunja vichwa utupe, uchungu mwingi uko hapo na kwenye matumbo. Loweka kwenye maji vuguvugu dakika tano, sugua taratibu kwa viganja, kisha utoe mukene kwa mkono na kuacha maji na mchanga chini ya beseni. Ukimwaga vyote kwenye chujio mchanga unarudi palepale. Rudia mpaka kitako cha beseni kibaki safi, kwa kawaida mara tatu au nne. Chuja, anika ukauke juu, kisha kaanga bila mafuta kwenye sufuria pana, moto mdogo, ukigeuza mpaka ukiuvunja unalia. Usipofika hapo utatwanga kitu kinachonata, na baada ya siku chache kitaota ukungu. Twanga, chekecha, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na utengeneze wa wiki mbili tu kila mara.

Kijiko kikubwa kilichojaa kina kama gramu 5 za protini. Kitie kwenye mchuzi wa karanga, kwenye maharage yaliyopondwa, kwenye mboga za majani kama dodo (mchicha) au nakati dakika za mwisho. Usimtilie kwenye uji wa asubuhi kwa siri. Mzee akigundua, uji wote ameuacha, na ana haki.

Maharage yana shida mbili, gesi na maganda. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Magadi yanalainisha haraka lakini yana sodiamu, adui wa presha, na yanaua vitamini B1, hivyo yaacheni. Kwa maganda, Watooro walishamaliza kazi zamani kwa firinda: maharage yaliyolowekwa yanamenywa, yanapikwa na kupondwa mpaka yawe laini kama uji mzito. Buganda wana mugoyo, viazi vitamu vikipondwa pamoja na maharage. Kwa mzee asiye na meno ni mlo kamili katika bakuli moja, hasa ukitumia viazi vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Kwa mwenye sukari, maharage yazidi viazi.

Uji sasa. Uji mwepesi unaopewa wazee ni maji yenye rangi. Vikombe viwili vinamjaza na hakuna alichokula. Changanya sehemu tatu za unga wa ulezi na sehemu moja ya soya. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe kabla ya kusagwa, kwa sababu mbichi inazuia protini kusagika tumboni. Chukua vijiko vikubwa saba vya unga, kama gramu 60, koroga na maji baridi kidogo, mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka, pika dakika 10 hadi 15 ukikoroga, malizia na kikombe kimoja cha maziwa. Hapo una kama gramu 16 za protini kabla hata ya yai.

Utakuwa mzito. Kwa mzee asiye na sukari na anayeshindwa kumeza vizito, tumieni kimea cha ulezi, kilekile ambacho Wateso wanatengenezea ajon, pombe yao ya ulezi. Kabla ya kutia maziwa, epua uji, acha upoe dakika kama kumi, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache uji unalainika na kunyweka, na unga ni uleule. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota hakifanyi kitu, moto unaua kile kinachovunja wanga. Ukishalainika urudishe jikoni, tia maziwa, uchemke dakika tano, kwa sababu kimea huoteshwa kwenye unyevu na hubeba vijidudu. Kiwe cha ulezi, maana machipukizi ya mtama yana sianidi. Baba yako, dada, kimea hakimfai: kinageuza wanga kuwa sukari kabla haujafika tumboni. Yeye anywe kikombe kimoja cha uji mzito wa soya na maziwa, kwa kijiko, pamoja na yai.

Kwa hiyo siku yake ingekuwa hivi. Asubuhi uji huo na yai la kuchemsha. Rolex ya barabarani, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, ina mayai, sawa, lakini chapati imelowa mafuta na chumvi. Mchana kikombe cha maharage yaliyopondwa, kijiko cha unga wa mukene, dodo nyingi, na posho au matoke ya ukubwa wa ngumi yake mwenyewe. Saa kumi kipande cha papai au nusu ovakado na karanga zilizotwangwa. Usiku samaki, mboga, na ngumi nyingine ya posho. Matunda ale yenyewe, juisi hapana. Na asikae na njaa akiwa amemeza dawa ya sukari. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuongea ovyo, mpe mara moja vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji kama bado anaweza kumeza, kisha chakula, na mpeleke kituo cha afya. Kama hamezi, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize.

Karanga chambueni wenyewe. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, tupeni, wala msiwape kuku. Sumu ya aflatoksini inaharibu ini na haiondoki kwa kukaanga. Karanga zilizokwisha kutwangwa sokoni hujui zilikuwaje, na mara nyingi mbovu ndizo hutwangwa kwanza.

Chumvi: kijiko kidogo kimoja cha kusawazisha kwa siku, ikihesabiwa na ile iliyo ndani ya viungo vya paketi, ambavyo vingi ni chumvi yenye rangi. Angara, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, alowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe mara mbili. Chakula kisichokolea mzee hataki, kwa hiyo ladha itoke kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya. Chai inywewe saa moja baada ya mlo, ikiambatana na maharage na dodo inazuia madini ya chuma. Maji vikombe sita hadi vinane, isipokuwa mwenye moyo au figo aliyewekewa kipimo. Wengi hawanywi kwa kuogopa kukojoa usiku, basi wanywe zaidi mchana.

Mkebe mnunue pale tu daktari ameandika, na someni sukari iliyoandikwa ubavuni. Bei yake mara nyingi inapita pesa ambayo SAGE, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, humpa mzee kwa mwezi mzima. Pesa hiyohiyo ikinunua mayai, mukene na soya inamlisha muda mrefu zaidi.

Mkianza, pimeni. Mzee aketi, nyayo zitue sakafuni, zungusha futi ya fundi cherehani kwenye shavu la mguu mahali palipo panene zaidi bila kubana. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli imekwisha. Miguu ikiwa imevimba kipimo hicho kinadanganya, na uvimbe wenyewe ni sababu ya kwenda hospitali. Rudieni kila mwezi, mwandike kwenye daftari la kliniki pamoja na uzito. Ambaye alikuwa kilo 60 akapoteza kilo 3 ndani ya miezi sita bila kutaka, apelekwe akachunguzwe kifua kikuu, tezi ya shingoni na saratani, hata kama sahani yake sasa imejaa. Na kabla ya yote, dada, mwambie baba afungue mdomo uangalie: jino linalouma, meno ya bandia yanayobana au utando mweupe kwenye ulimi vinaweza kuwa ndivyo vilivyomfanya aache kula, kabla hata ya kikao chenu.