Maswali ya Wasomaji: Kualikwa kutazama reli ya mezani

SWALI: Rafiki yangu wa Shangani, Mtwara, ametengeneza mfano mdogo wa reli iliyokuwa ikitoka Mtwara kwenda Nachingwea, na amenialika mimi na wanangu. Mgeni aliyenitangulia alimwambia kwamba reli zake ni nyembamba mno na stesheni zimebanana, naye akanuna. Je, nitazame nini, na niseme nini nisimkere?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Rafiki yako alikuwa na haki ya kununa. Reli ile ilikuwa ya upana wa mita moja, kama Reli ya Kati ya zamani, na ukiigawanya mita moja kwa 87, ambacho ni kipimo kinachopendwa sana na mafundi wa kazi hii, unapata milimita 11.5, ndiyo maana hutumia reli za milimita 12. Zile za milimita 16.5, ambazo huenda mgeni alizizoea, zinawakilisha upana wa milimita 1,435, yaani wa SGR. Angezitumia hizo, ndipo angekosea.

Kuhusu stesheni, kwa kipimo hicho kilomita moja huwa takriban mita 11.5, kwa hiyo safari ya kilomita 20 tu ingehitaji mita 230, na sijui nyumba ya Shangani yenye sebule hiyo. Kila fundi hufupisha njia na kukaza kona. Ustadi wake huonekana katika kile alichochagua kukibakiza.

Basi muulize amechagua mwaka gani. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na sehemu yake ya kwanza ilianzia Mkwaya, upande wa Lindi, kabla bandari ya Mtwara haijawa tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na baadaye reli zikang'olewa. Jibu lake ndilo litakaloeleza kwa nini stesheni fulani ipo na nyingine haipo, na nadhani atalitoa kwa furaha kuliko sifa yoyote utakayompa.

Ukifika, inama mpaka macho yalingane na mataruma, kwa sababu ukitazama kutoka juu utaona meza tu. Watoto wasisukume kichwa cha treni kwa mkono, kwani meno ya giya zake ni madogo na huvunjika, wala wasishike reli: umeme wa mota hupitia humo, kwa kawaida volti 12 zisizodhuru, lakini mafuta ya vidole, yakichanganyika na vumbi na unyevu wa pwani, huukatiza. Wanachopaswa kukaa nacho mbali kabisa ni transfoma iliyochomekwa ukutani. Treni ikikwama, mwachieni mwenyewe afute reli; ikishaanza kwenda, mwombe awape watoto kitufe cha mwendo, wakianza na ule wa polepole.