Shingo, kiuno na ganzi ya mkono kwa kazi ya kukaa

Pole sana dada. Umesema upo ofisi ya uhasibu hapa Tabora mjini, jioni shingo imekaza, kiuno kinawaka na kiganja cha kulia kinakufa ganzi, ila wikendi unapata nafuu, sasa unauliza kama ni baridi yabisi. Mi nisingekimbilia huko, hiyo nafuu ya wikendi inanifanya niitazame kazi kwanza.

Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5 hivi, ukiinamia laptop iliyolala mezani misuli ya shingo ndo inakishikilia kutwa nzima, ongeza na kubana simu kati ya sikio na bega huku unachapa (wahasibu mnaipenda hiyo!), lazima ikaze. Weka rimu mbili tatu za karatasi chini ya laptop mpaka skrini ifike usawa wa macho, ila tafuta na kibodi ya pembeni na mausi, la sivyo utakuwa unanyanyua mabega na tatizo umelihamisha tu. Kiti kikiwa hakina egemeo la maana kunja kitenge weka nyuma ya kiuno. Na hata kiti cha bei mbaya hakisaidii kama huinuki, kila nusu saa simama, faili kachukue mwenyewe.

Kama unameza diklofenaki (dawa ya maumivu) kila siku acha, zinaumiza tumbo na figo. Ganzi ikikuamsha usiku au vitu vinakuponyoka mkononi nenda hospitali ya Kitete wakupime, na miguu ikiishiwa nguvu au mkojo ukakushinda kuuzuia usisubiri kesho.