Re: Nairobi hadi New York kwa saa saba tu?

Habari ndugu. Tiketi ya mama ya Januari inaonyesha anaondoka Nairobi 23:55 na kufika New York 06:55, nawe unauliza ndege gani inamaliza kilomita karibu 11,850 kwa saa saba. Hakuna. Atakaa angani kama saa 15.

Kwanza angalia kama pembeni ya muda wa kufika pameandikwa +1. Maana yake ni kesho yake. Kisha kumbuka kila muda kwenye tiketi ni wa mji husika. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo saa 7 unazoziona jumlisha 8, ndiyo 15 zenyewe. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7 mpaka mwanzoni mwa Novemba. Sisi hatubadilishi, ndiyo maana wengi huchanganyikiwa hapo.

Kurudi unatoa badala ya kujumlisha. Akiondoka 12:30 mchana wa huko na kutua JKIA 10:30 asubuhi ya kesho yake, ni saa 22 kasoro 8, yaani 14. Kurudi ni kufupi kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Tafadhali mwambie mama asikae kitini muda wote. Kila baada ya saa mbili hivi ainuke, atembee kwenye ujia, anywe maji. Kwa mtu mzima miguu huvimba kweli.