Mafuta ya ndege kwenye pikapu ya dizeli? Angalia pampu kwanza

Ukiishi Kipawa au Gongo la Mboto, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na una pikapu ya dizeli, hukosi kuletewa dumu la "mafuta ya ndege" kwa bei ya kutupa. Nimeletewa zaidi ya mara moja, na huwa naanza kwa kuuliza: yapi? Ya bluu ni petroli yenye madini ya risasi, ya vindege vidogo vya pangaboi. Hiyo usiitie kwenye injini ya dizeli hata tone. Meupe kama maji ni Jet A-1, jamii moja na mafuta ya taa.

Jet A-1 itawasha gari, na hapo ndipo watu wananasa. Ukipanda Pugu na mzigo utahisi nguvu imepungua kidogo, basi. Shida iko kwenye pampu. Pampu ya Hilux za zamani, zile za injini ya 2L na 3L, inalainishwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma. Dizeli ina utelezi. Jet A-1 ni kavu. Nimewahi kusimama Gerezani fundi akifungua pampu iliyonyweshwa madumu hayo: vyuma vimechubuka, na chini chenga zinang'aa kama mchanga wa pwani. Mwenye gari alichokuwa analalamikia ni kwamba injini ikipata moto, ukizima haiwaki tena mpaka ipoe.

Utaambiwa mbona majeshi yanatumia. Ni kweli, nchi za NATO zinatia mafuta ya aina hiyo kwenye magari ya dizeli, ila ya kwao yanatiwa dawa ya kulainisha. Kwenye Vita vya Ghuba, 1990 hadi 1991, jeshi la Marekani lilitumia Jet A-1 isiyo na dawa kule Saudi Arabia, na pampu za baadhi ya magari yao zikasumbua.

Kwa D-4D, yaani injini za dizeli za Toyota za kisasa, sina mjadala: usijaribu. Presha ya mfumo ule inapita baa 1,000, na pampu ikianza kulika, chenga zinakwenda moja kwa moja kwenye nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Bei ya nozeli nne mpya unaijua.

Kama yameshaingia kidogo kwenye gari la zamani, jaza dizeli tangi zima uendelee na safari. Yakiwa mengi, au gari ni D-4D, yamwagwe na filta ibadilishwe. Wapo mafundi wanaoshauri kuchanganya na oili ya tustroku. Kwa pampu ya zamani inasaidia kiasi, lakini oili chafu iliyotolewa kwenye injini, hapana.

Halafu kuna sheria. Dumu la uchochoroni halina risiti, na likiwa la wizi, mnunuzi naye ana kesi. EWURA, wasimamizi wa biashara ya mafuta Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuyachanganya na dizeli kusilipe. Kwa hiyo hata kituoni, dizeli ikinuka mafuta ya taa, mwambie kijana asimamishe pampu, chukua risiti yako na upige simu EWURA ukiwa hapohapo.