Je, seli za nzi wa matunda zikigandana, kipokezi chake ni gundi?

Swali: Mtaalamu, naomba ufafanuzi. Tulichukua seli za S2 za nzi wa matunda, fungu moja tukaliingiza jeni ya Notch, yaani kipokezi cha ujumbe, na jingine jeni ya Delta, protini inayokiamsha kipokezi hicho. Tulipozichanganya na kuzitikisa taratibu, ziligandana mabonge mabonge. Tulipoongeza EDTA, kemikali inayonasa ioni za kalsiamu, mabonge yakasambaratika. Je, naweza kuandika kwamba Notch ni protini ya kushikamanisha seli? Inakuwaje kipokezi cha kupitisha ujumbe kifanye pia kazi hiyo?

Jibu: Unaweza kuandika kwamba Notch iliyo kwenye utando wa seli moja huishika Delta iliyo kwenye utando wa seli jirani, lakini jaribio lenu haliwaruhusu kusema zaidi ya hapo. Seli za S2, ambazo asili yake ni viinitete vya Drosophila vilivyokaribia kuanguliwa, hupendwa kwa kazi hii kwa sababu kwa kawaida hazigandani zenyewe, hivyo zikigandana baada ya kupewa protini mpya, sababu ni protini hiyo. Kwa njia hii ilionyeshwa mwaka 1990 kwamba Notch na Delta hushikana, na mwaka uliofuata ikabainika kwamba kati ya marudio 36 ya aina ya EGF (vipande vidogo vya protini vinavyofanana, vilivyopangana mfululizo) yaliyopo upande wa nje wa Notch, la 11 na la 12 yanatosha kuikamata Delta.

Kuhusu EDTA, msiharakishe. Ni kweli kwamba kushikana huku kunahitaji ioni za kalsiamu, lakini kuondoa kalsiamu hulegeza pia sehemu ya Notch iliyo karibu na utando, kiasi kwamba kipande cha nje kinaweza kung'oka chote. Mabonge yaliyosambaratika huenda yamepoteza kipokezi chenyewe. Isitoshe, protini nyingine kama Neuroglian na Fasciclin III hushikanisha seli bila kalsiamu kabisa, kwa hiyo EDTA haifai kuwa kipimo cha jumla. Kipimo kizuri zaidi ni Notch iliyoondolewa marudio ya 11 na 12. Fungu la Delta peke yake nalo lisisahaulike, maana seli zenye Delta hugandana zenyewe kwa zenyewe. Yapeni mafungu rangi mbili tofauti, kisha mtazame kwa hadubini kama kila bonge lina rangi zote mbili.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Ndani ya tishu, Delta ikishaikamata Notch, seli yenye Delta huanza kuimeza Delta hiyo na hivyo kuivuta Notch. Mvuto huo hufunua mahali ambapo kimeng'enya Kuzbanian hukata, kisha mkato mwingine hufuata ndani ya utando, na kipande cha ndani cha Notch husafiri hadi kwenye kiini cha seli kuwasha jeni. Kushikana huku, basi, kunaishia kwa kipokezi kukatika, jambo ambalo haliwezi kuzishikilia seli kwa muda mrefu. Linganisha na DE-kaderini, protini halisi ya kushikamanisha seli na zao la jeni shotgun: kaderini ya seli moja hushika kaderini ileile ya seli jirani, huku mkia wake wa ndani ukiikamata protini Armadillo, ambayo nayo huungana na protini nyingine, alfa-katenini, na kupitia hiyo na nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo. Uimara wa tishu unatokana na kamba hiyo ya ndani zaidi kuliko mguso wa nje. Integrini, kundi jingine la protini za kushikamanisha, ni habari nyingine kidogo, kwani nyingi hushika matriki, yaani mtandao wa protini ulio nje ya seli. Kiinitete kisicho na zao la jeni myospheroid, ambalo ni sehemu ya integrini, hung'oka misuli pindi inapojikunja, ikabaki ya duara.

Mfano unaonivutia zaidi ni Dscam1, protini ya utando wa seli za neva, ambayo jeni yake moja inaweza kutoa aina 38,016 za protini. Aina moja hushikana na ya aina yake tu, na seli za S2 zenye aina ileile hugandana vizuri maabarani. Ila katika ubongo wa nzi, matawi ya neva moja yakigusana kwa Dscam1, hukimbiana. Kugandana maabarani, basi, hakutoshi kuiita protini gundi.

Katika ripoti andika hivi: “Notch na Delta hushikana kati ya seli na seli katika mazingira ya jaribio.” Neno “gundi” liacheni hadi mtakapoonyesha kwamba tishu hai inalegea Notch inapokosekana, na kwamba kulegea huko hakutokani na ujumbe uliokatika.